Mfupa uko hai, sisi tunaufanya boriti

LEO naomba tuweke siasa pembeni. Tumezijadili hadi sauti zimekauka na kesho tutazirudia, hazina haraka. Leo nataka kuzungumzia mifupa, na najua wapo watakaosema mwandishi kaishiwa mada. Subirini kidogo.

Kila penye mkusanyiko wa Waswahili huku ughaibuni, iwe harusi, arobaini au kisomo, nasikia kauli ileile: mifupa ya Mwafrika ni chuma. Wazungu ndio wanaovunjika wakiteleza kwenye barafu, sisi tumekulia muhogo na dagaa, hatuna shida hiyo. Kauli ya pili huja pale simu inapotoka nyumbani kwamba bibi ameanguka chooni na hawezi kusimama. Hapo watu husema "uzee huo", wanaomba dua, wanatuma fedha kidogo za dawa ya kuchua, na mambo yanaishia hapo. Kwa maoni yangu kauli zote mbili zinatoka kwenye shina moja. Tunaufikiria mfupa kama boriti ya mkoko iliyokatwa, ikakauka, ikatiwa darini kubeba paa. Ikiwa imara ni imara, ikioza basi tena.

Mfupa wa mtu aliye hai si boriti. Una damu, una mishipa ya fahamu, una chembe hai zinazofanya kazi usiku na mchana, na unabomolewa na kujengwa upya wakati wewe unasoma makala hii. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana zaidi ya hiyo, karibu 300, kwa sababu mingine huungana anapokua. Na ile mifupa ya mtu wa miaka 40 si ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka 20. Kila mwaka kiasi cha asilimia 10 ya mifupa ya mwili hubomolewa na kuwekwa upya. Ukifanya hesabu, katika miaka 10 hivi umepata kiunzi kingine kabisa bila kutozwa hata senti.

Mafundi wetu wa ujenzi wataelewa upesi nikisema kwamba mfupa umejengwa kwa nondo na zege. Nondo zake ni nyuzi za protini inayoitwa kolajeni, na zege lake ni madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyoganda juu ya nyuzi hizo. Zege bila nondo hupasuka, na nondo bila zege hupinda. Anayebisha achukue mfupa wa paja la kuku, auloweke katika siki kwa siku kadhaa, akibadilisha siki. Asidi italamba madini yote na mfupa utapindika kama mpira. Kisha achome mfupa mwingine motoni hadi nyuzi ziungue. Utabaki na umbo lake uleule, mweupe, lakini ukiubonyeza kwa vidole unasagika kama chaki. Wanetu wangefanyiwa jaribio hili darasani wasingesahau.

Ukiukata mfupa mrefu kama wa paja utaona kwamba ganda la nje ni gumu na zito, na ndani, hasa karibu na viungo, kuna mfupa wenye matundu kama sifongo. Usiudharau huo wenye matundu. Vijiti vyake vimepangwa kufuata njia ambazo uzito wa mwili unapita, jambo ambalo Mjerumani Julius Wolff aliliandika mwaka 1892. Katikati ya matundu kuna uboho, na uboho mwekundu ndio kiwanda cha damu. Chembe nyekundu milioni mbili na zaidi hutoka humo kila sekunde. Mwenye mtoto wa selimundu anajua maumivu ya mifupa yanavyoanza usiku, damu inapokwama kwenye njia nyembamba za humo ndani. Huyo hahitaji kuambiwa kuwa mfupa uko hai.

Lile ganda gumu nalo si tofali tupu. Limejaa mirija midogo sana inayopitisha damu, na kila mrija umezungukwa na tabaka za mfupa, moja juu ya nyingine, kama duara za shina la mti. Mirija hiyo inaitwa kwa jina la daktari wa Kiingereza, Clopton Havers, aliyeandika kitabu juu ya mifupa mwaka 1691. Kwa hiyo jambo hili si jipya. Wakati Waomani wanaizingira Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1696, tayari kulikuwa na mtu London aliyejua mfupa una vijitundu.

Sasa tuje kwa wafanyakazi wenyewe. Kuna chembe za kubomoa, wataalamu wanaziita osteoklasti. Ni kubwa, zimetokana na chembe za ukoo wa damu zilizoungana, na kila moja ina viini vingi. Inajibandika juu ya mfupa, inamwaga asidi, inayeyusha zege, kisha inakata nondo. Zikimaliza sehemu yao zinaondoka, na zinakuja chembe za kujenga, osteoblasti, ambazo hutandika kolajeni mpya na kuipaka madini. Kubomoa sehemu ndogo huchukua wiki tatu hivi. Kuijaza huchukua miezi mitatu au zaidi. Mtazame vizuri huo muda, kwa sababu humo ndimo yalimo matatizo yote ya uzeeni: kubomoa ni haraka, kujenga ni polepole.

Lakini wanaonivutia zaidi ni wale wa tatu. Baadhi ya wajenzi, wakiwa kazini, hujijengea ndani ya ukuta na kubaki humo. Hawafi. Wanageuka kuwa osteosaiti, wanatoa mikono mirefu myembamba kupitia vijitundu, wanashikana na wenzao, na kazi yao inakuwa kusikiliza. Mwili wa mtu mzima una zaidi ya bilioni 40 za hizi, ndizo zaidi ya asilimia 90 ya chembe zote za mfupa, na moja inaweza kuishi miongo. Unapotembea, unapopanda ngazi, unapobeba ndoo, mfupa unapinda kiasi kidogo usichoweza kukihisi, na hawa wanahisi. Ndio wanaopeleka habari: hapa pameelemewa, ongezeni, pale hapana kazi, ondoeni. Ndiyo sababu mkono wa mcheza tenisi anaoshikia raketi huwa na mfupa mnene kuliko mwingine. Ndiyo sababu pia wanaanga, watu wazima wenye afya ya kuchaguliwa, hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi wakiwa huko juu ambako mwili hauna uzito.

Ukiyajua hayo, lile kopo la vidonge vya kalsiamu tunalomtumia mama kila mtu anaposafiri linaonekana kwa sura nyingine. Mama tumemwekea msichana wa kazi, tumemwambia asifanye lolote, akae kwenye kochi aangalie tamthilia, sisi watoto tupo. Tumedhani tumemheshimu. Osteosaiti zake zimesikia habari moja tu: hapa hapana kazi. Wabomoaji wakaitwa. Halafu tunamtumia kokoto na saruji kwa wingi, na mafundi tumeshawafukuza.

Si kwamba kalsiamu haina maana. Mwili una kama kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 iko mifupani na menoni. Asilimia moja inayobaki ndiyo inayouendesha moyo, misuli na mishipa ya fahamu, na mwili haukubali ipungue hata kidogo. Ikipungua, tezi nne ndogo zilizo shingoni zinatoa homoni ya kwenda kuchukua mifupani. Mfupa ni benki. Sisi tunaoishi huku na kupigiwa simu kila mwisho wa mwezi tunaielewa benki ya namna hii vizuri sana. Inatolewa kila siku, na asiyeweka ataishiwa, ila mfupa hautumi ujumbe kwamba salio halitoshi. Unajulisha siku unapovunjika.

Basi chakula kiwe chakula. Uingereza inashauri mtu mzima apate miligramu 700 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa mgando kwa wale ambao maziwa mabichi yanawasumbua tumbo (na wengi wetu ukubwani yanatusumbua), maharage, ufuta, hivyo vyote viko sokoni nyumbani. Mchicha tunaousifu sana una kalsiamu, lakini una pia oksaleti inayoifunga isifyonzwe vizuri. Kopo kutoka dukani huku, bila daktari kusema linahitajika, linaweza kumletea mzee tumbo kufunga na mawe ya figo.

Kuna kitu kingine kinachoingia kwenye zege hili, na wenyeji wa Arusha wanakijua. Ni floraidi. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na magadi ya kupikia huongeza. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Meno ya kahawia ndiyo watu wanayoyaona na kuyataja. Wasiyoyataja ni miguu ya watoto iliyopinda na migongo ya wazee iliyokakamaa, maana floraidi ikichukua nafasi katika madini ya mfupa huufanya uwe mzito lakini usio na uvumilivu. Na ajabu ni kwamba dawa iliyofanyiwa kazi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na upande wa Kenya pale Nakuru, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji yanapitishwa humo na mfupa uliokufa unaidaka floraidi kabla haijaufikia ulio hai. Wakubwa wanaokwenda Arusha kwa makongamano wakinywa maji ya chupa wangekwenda siku moja kuangalia.

Nirudi kwenye wale wanaosema mifupa yetu ni chuma. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, nami sitauficha. Tafiti za Marekani zinaonyesha kwamba watu weusi kwa wastani wana mifupa minene zaidi na huvunjika nyonga mara chache kuliko weupe. Lakini wastani si kinga. Tafiti hizohizo zimeonyesha kwamba mwanamke mweusi akishavunjika nyonga, uwezekano wa kufa au kutorudi kutembea ni mkubwa kuliko wa mwenzake mweupe. Nao walioumia wapo. Daktari asiyetarajia hapimi, na mgonjwa asiyeamini haendi. Isitoshe, uchache ule wa kuvunjika nyumbani ulitokana na maisha ya aina fulani: kulima, kutwanga, kutembea, kuchota maji, na jua. Tumeyaacha yote hayo uwanja wa ndege.

La jua linahitaji nafasi yake. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ini na figo huikamilisha, nayo huufungulia utumbo mlango wa kufyonza kalsiamu. Bila vitamini hiyo utumbo unafyonza asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyoliwa. Ikiwepo ya kutosha, asilimia 30 hadi 40. Ngozi nyeusi imeumbwa kwa jua kali na hupunguza mionzi, hivyo inahitaji kukaa juani muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile. Nyumbani hiyo si shida. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Huku Uingereza mtu anahesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 25. Tofauti hiyo haikuletwa na vidonge.

Na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la Uingereza halina nguvu ya kutengeneza vitamini D kabisa, hata ukikaa bustanini kifua wazi. Tangu mwaka 2016 serikali ya hapa inashauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika, pamoja na wanaofunika sehemu kubwa ya mwili, wafikirie mwaka mzima. Mtoto anayenyonyeshwa apewe matone tangu kuzaliwa, mikrogramu 8.5 hadi 10. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote lakini vitamini D humo ni chache, na mama mwenyewe anayeishi kwenye baridi hana cha kumpa mtoto. Ndugu zangu, ni akina mama wangapi wa Kiswahili wanalijua hili? Nimeuliza uliza. Wengi waliambiwa na mkunga kwa Kiingereza cha haraka, wakapewa karatasi, wakaiweka droo ya jikoni.

Matokeo yake ni matege. Nyumbani tukimwona mtoto wa matege tunasema karithi kwa babu yake. Kumbe inaweza kuwa zege halikuganda: nyuzi zimetandikwa, madini hayakufika, na mtoto akianza kutembea mifupa inapinda kama ule wa kuku uliolowekwa kwenye siki. Waingereza wenyewe waliteseka nayo katika miji yao yenye moshi wa viwanda, hadi Edward Mellanby alipoonyesha kwa majaribio ya mbwa mwaka 1919 kwamba mafuta ya ini la samaki yanaikinga. Ikapungua kwao. Kisha ikarudi kwa wahamiaji wa Kihindi na Kipakistani, na hapo ndipo pana somo letu. Wale hawakukaa kimya. Mjini Glasgow iliendeshwa kampeni kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, vitamini zikatolewa bure, na watoto wanaolazwa kwa matege wakapungua. Mjini Birmingham, kuanzia mwaka 2005, wajawazito na watoto wote walipewa bure, na wagonjwa wakapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo ikitangazwa kwa lugha ya watu na kuwekwa mikononi mwao, inafanya kazi. Vyama vyetu vina bajeti ya fulana za siku ya uhuru. Karatasi moja ya Kiswahili, mikrogramu ngapi, kwa nani, kwa umri gani, inazidi hapo kwa gharama?

Wenzetu wa Muscat, Dubai na Doha wasicheke. Kwao jua lipo na upungufu upo vilevile, tena mkubwa, kwa sababu jua liko nje na watu wako ndani. Ukiwa kwenye kiyoyozi kutwa, ukitoka umejifunika, ukaingia kwenye gari lenye vioo vyeusi, unaishi Glasgow.

Nisieleweke vibaya kwamba nauza vidonge. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani wa watu wazima wapatao 26,000. Waliopewa vitamini D hawakuvunjika mifupa kidogo kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu, wengi walikuwa nayo ya kutosha. Ukimwongezea maji mwenye kisima kilichojaa hujamsaidia. Mwenye kiu ni mwingine, na kipimo cha damu ndicho kinachomtambua. Hao wanaouza "dawa ya mifupa" kwenye makundi ya WhatsApp kwa pauni 60 chupa wangetuonyesha vipimo vya wateja wao.

Kuna jambo ambalo waandishi wengine wanaliogopa kwa sababu litawaudhi akina dada. Mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi ambayo daktari huandika kwa wiki chache na kwa sehemu ndogo. Watu wanajipaka mwili mzima kwa miaka. Inapenya ngozini, inaingia kwenye damu, na jamii hii ya dawa ina sifa mbaya mifupani: inawaua wajenzi na kuwaongezea maisha wabomoaji. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watu waliotumia krimu kali za namna hii kwa matibabu halali, na kadiri mtu alivyotumia nyingi ndivyo mifupa ilivyopungua na kuvunjika. Hao walikuwa wagonjwa wa ngozi chini ya madaktari. Krimu zenye steroidi zimepigwa marufuku kwetu miaka mingi na bado ziko kwenye maduka, huku na huko. Kama hoja ya rangi na heshima haijawashinda wenye kujipaka, labda hii ya kuvunjika nyonga itafanya kazi.

Na mabinti. Karibu robo ya mfupa atakaokuwa nao mwanamke ukubwani huwekwa katika miaka miwili tu ya kuvunja ungo. Akiba inakamilika katika miaka ya ishirini na kitu, baada ya hapo ni kutunza. Hedhi inapokoma, estrojeni inashuka, wabomoaji wanakosa wa kuwazuia, na katika miaka mitano hadi saba anaweza kupoteza hadi asilimia 20. Sasa sisi tufanyeje na binti wa miaka 12? Tunamtoa kwenye riadha kwa kuwa amekuwa mwali. Tunamwambia kukimbia si adabu. Anakaa chumbani na simu kuanzia Oktoba hadi Machi. Mimi ni mzazi na najua hofu zinazotuongoza, sizibezi, lakini kuna mabwawa yenye saa za wanawake, kuna kumbi, kuna kamba ya kuruka ya pauni mbili. Kuruka kamba ndiyo lugha ambayo osteosaiti zinaielewa kuliko zote.

Nimeacha la wazee mwisho kwa sababu ndilo linalonikera. Kazi yangu hapa ni kuhudumia wazee, kama wengi wenu mnaosoma hapa mkiwa mapumzikoni zamu ya usiku. Uingereza ina zaidi ya nyonga 70,000 zinazovunjika kila mwaka, na mwongozo wao unasema mzee afanyiwe upasuaji siku ileile au kesho yake. Wa miaka 92 anapasuliwa, na siku ya pili yake mtaalamu wa mazoezi anakuja kumsimamisha. Hata hivyo karibu robo yao hawamalizi mwaka. Tunawaona, tunawaosha, tunawasaidia kushika fremu za kutembelea. Halafu mama zetu wakiumia vilevile tunaridhika waletewe mganga na vibanzi.

Waunga mifupa wetu siwadharau. Mkono uliopasuka na mifupa haikuachana unaungana wenyewe: damu inaganda, gegedu inajitengeneza kuziba pengo, wajenzi wanaigeuza mfupa, na baada ya wiki sita hivi mtu anarudi kazini. Mganga akifunga vizuri bila kubana hadi vidole kufa, atapata sifa. Lakini shingo ya mfupa wa paja ni jambo lingine. Inapovunjika, mishipa inayolisha kile kichwa cha mfupa mara nyingi hukatika, na chembe za humo hufa kwa njaa. Hakuna kuchua kutakakozifufua. Mzee anabaki kitandani, anapata vidonda, damu inaganda mguuni, mapafu yanajaa, na baada ya miezi mitatu tunaambiwa amefariki kwa "uzee". Hakufa kwa uzee. Amekufa kwa kulazwa chali.

Nyumbani upasuaji huo unafanyika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa mwaka 1996, KCMC wapo, Nairobi wapo. Kinachomchelewesha mzee ni fedha za vyuma na safari ya kufika. Na hapa ndipo nataka tutazamane. Mtu akifariki huku, kundi linafunguliwa jioni, na kwa siku tano zinapatikana pauni elfu kadhaa za kusafirisha mwili. Naunga mkono, nami huchanga, mwili wa mtu una heshima yake. Lakini sijawahi kuona kundi lililofunguliwa kwa saa 48 kwa ajili ya nyonga ya mama mzazi wa mwanachama, ambaye bado anapumua na anaweza kutembea tena. Vyama vya kufa na kuzikana vipo kila mji. Katiba zao zibadilishwe kifungu kimoja: mwanachama ambaye mzazi wake amevunjika nyonga apewe mkopo siku hiyohiyo, makaratasi yafuate.

Na zile fedha za makopo ya kalsiamu zifanyiwe kazi nyingine. Mzee haanguki kwa sababu ya mfupa. Anaanguka kwa sababu ya mtoto wa jicho ambaye hajatolewa, ya choo kilicho nje na taa iliyoungua, ya zulia linalojikunja, ya dawa ya presha inayompa kizunguzungu akisimama ghafla. Mfungie taa. Mfungie bomba la kushika ukutani chooni. Mpeleke akatolewe mtoto wa jicho. Na yule msichana wa kazi aambiwe bibi aachwe achambue mchele akiwa amesimama, aende dukani kwa miguu, aende msikitini au kanisani na kurudi.

Siku ukipigiwa simu kwamba mama kaanguka, ameshindwa kusimama, na mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, usiulize kama amekandwa na maji ya moto. Uliza eksirei imepigwa saa ngapi, na daktari wa mifupa anaitwa nani.